Mawe Niliyopitia

Dada Neema, shikamoo.

Huku Guangzhou baridi inauma hadi kwenye kucha. Jana laoban, yaani bosi wa duka ninakochukua nguo za kuuza katika soko la Shahe, alinipeleka kuvua samaki kwenye gati la baharini. Upepo wa juu ulinishinda, nikashuka peke yangu kwenye mawe, nikaenda kukaa na mshipi wangu kwenye jiwe la mwisho kama tulivyozoea Mwanza. Ziwa letu unaliacha hapa, unalikuta hapa. Shuleni niliandika "maji kujaa na kupwa", nikapata vema, nikasahau.

Nilipogeuka, mawe niliyopitia yalikuwa yameshazama. Na unajua sijui kuogelea! Laoban aliingia majini na koti lake, ananyoosha mkono, anaita, "Lai! Lai!" Njoo, njoo. Nilivuka maji ya kifuani huku nalia kwa Kisukuma.

Samaki tulipata, kula nikashindwa. Leo nikijaza ndoo ya kuoga, nayakodolea maji macho mpaka nifunge bomba.

Mama mwambie nimevua, basi. Wanao nibusie. Mkienda ziwani washike mikono. Najua letu halipandi, dada. Washike tu.

Mdogo wako,
Rehema