Mara Mbili kwa Unyayo

Mdogo wangu Kabula,

Kabla ya surua ulikuwa msemaji kuliko kasuku. Ilipokuacha ulikuwa na miaka sita, na masikio yako yalikuwa yamekwenda nayo. Nyumbani hakuna aliyejua ila mimi.

Nilikugundua kwa baruti. Mgodini walipolipua, sisi tulisikia mlio. Wewe ulikuwa umeshaangalia miguu yako, ardhi ilipotetemeka. Basi nikajaribu kukanyaga sakafu mara mbili nyuma yako, ukageuka ukicheka. Tangu siku hiyo sikukuita kwa jina. Wengine waliita wakachoka, mimi nilikanyaga ukaja, na nakiri, nilijiona mjanja mno.

Baruti hiyo hiyo ndiyo iliyokuponza. Baba akasema, "Baruti ya mgodini anaisikia, mimi baba yake hanisikii? Sikio la kufa halisikii dawa." Akaitafuta fimbo. Ulipigwa, Kabula, huku ukiangalia midomo yetu mmoja mmoja, ukitafuta kosa lako.

Unaikumbuka jioni alipokuja baba mkubwa, mwaka ule askari waliporudi kutoka vitani? Maneno yalikuwa yanakutoka kidogo kidogo, na katika salamu zetu zote ulibakiwa na ile ya asubuhi. Ukapiga magoti vizuri kabisa, ukamwambia, "Mwangaluka."

"Jua linazama," baba mkubwa akasema, "huyu ananiambia kumekucha?"

Watu wakacheka. Baba hakucheka. Alisema unawadhihaki wakubwa, na kwamba kesho yake utakwenda Ushirombo kwa shangazi, ukafundishwe adabu. Mama akanivuta kando. "Milembe, wewe ndiye unayelala naye. Huyu mtoto ana kasoro? Kama anayo, simtoi. Utabaki hapa umwangalie."

Nilikuwa nimeshaahidiwa shule ya misheni. Gauni lilikuwa limeshashonwa. Nikamjibu mama, "Hana kitu. Ni kiburi tu."

Ndilo neno nililotaka kukwambia miaka yote hii. Haya maandishi unayoyaona hapa nimeyanunua kwa gharama yako.

Asubuhi ulipoondoka ulinigeukia mara nyingi, ukitazama miguu yangu. Nilisimama kama gogo. Niliogopa nikikanyaga utarudi mbio, na mama ataelewa.

Mwezi uliopita nilikuja. Shangazi hakukwambia, nilimwomba asikwambie. Nilikukuta uani unapepeta mtama, mtoto mgongoni, shingo imekuwa ya mama kabisa. Nikasimama nyuma yako nikakanyaga mara mbili. Ungo ukasimama. Niliyaona mabega yako yakipanda, Kabula, niliyaona. Kisha ukaendelea kupepeta.

"Hasikii huyo," shangazi akasema, "mguse bega."

"Najua," nikamwambia. Sikukugusa. Nililia njia nzima hadi Geita, mtu mzima mimi, watu wananiangalia.

Walikuita mwenye kiburi miaka yote ambayo hukuwa nacho. Siku hiyo ulikuwa nacho, na ulikuwa na haki nacho. Baba amekufa akiamini maneno yangu. Mama nimemwambia juzi. Tangu hapo ananipa chakula na kuangalia pembeni.

Sasa nimekaa na karatasi hii kama mjinga. Barua huko kwenu husomwa na katekista, kwa sauti, watu wamekaa wanasikiliza. Atasoma yote haya, shangazi atashika kichwa, majirani watanisema, na wewe utakuwa katikati yao unaangalia midomo, kama zamani. Hakuna hata neno moja la barua hii litakalokufikia.

Kwa hiyo nimepaka masizi ya chungu kwenye unyayo wangu, nikaukanyagisha hapa chini mara mbili. Hapo hahitajiki msomaji. Ukigeuka, nipo. Usipogeuka, sitamruhusu mtu akuite mkaidi tena.

Ni mimi, dada yako, niliyesikia yote nikanyamaza.