Kwa Mama, Eucabeth Nerima Okedi, Aliyetuachia Maji ya Kwa Imoni

Mama,

Leo umetimia mwaka tangu asubuhi ile ya Jumanne ulipomshika Baba mkono hospitalini kule Busia, ukamkumbusha amhamishe ng'ombe kivulini kabla jua halijawa kali, kisha ukalala na hukuamka tena. Baba alirudi nyumbani akamhamisha ng'ombe kwanza. Ndipo akatuambia.

Ni mimi Vivianne, kifungua mimba wako, niliyepewa kalamu. Mdogo wangu Willis amesema niandike kwa ufupi. Kitinda mimba wako Maurine amesema nisifiche kitu. Nitajaribu kuwasikiliza wote wawili.

Ulizaliwa Nambale, ukaolewa huku Malaba kwa Wateso ukiwa hujui hata neno moja la lugha yao. Nyanya Jerusha, mama yako, husema ulirudi kwake mara mbili mwaka huo wa kwanza ukilia kwamba watu wanacheka karibu yako na hujui wanacheka nini. Mara ya tatu ulirudi kumtembelea tu, na ukamsalimu kwa Kiteso. Tangu hapo ukawa wetu kuliko sisi wenyewe.

Wengi walikujua kwanza kwa chapati. Kibanda chako cha chai kilikuwa kando ya barabara, pale malori yanaposubiri kuvuka kwenda Uganda, na madereva na utingo wao walikula kwako wakikueleza mambo ya nyumbani kwao. Ulisikiliza huku unasukuma unga. Watu waliposema mwaka 2017 kwamba ugombee uwakilishi wa wadi, ulicheka ukadhani ni mzaha. Aliyekushawishi ni Baba Mdogo Eriaku, mdogo wake Baba. Yeye ndiye aliyetembea boma kwa boma akikuombea kura, mpaka viatu vyake vikaachia soli. Ulishinda. Siku ya kuapishwa ulimkalisha mstari wa mbele.

Ndiyo maana yaliyofuata yalikuuma sana, Mama, na ndiyo maana Maurine hataki tuyaruke.

Chini ya boma letu kuna chemchemi ya Kwa Imoni, na kijito kinachotoka hapo. Nusu ya kijiji huchota maji pale. Ulipofika mwaka wa korona, madereva wakawa wanasubiri kupimwa, foleni ya malori ikarefuka ikapita Amagoro na kuendelea. Watu walikaa siku nne, siku sita, barabarani. Baba Mdogo alinunua pampu mbili, akakusanya vijana kumi na mmoja, wakaanza kuosha malori kijitoni. Kazi ilikuwa nyingi. Malori yaliteremka hadi majini kabisa, na wengine walibadilisha oili hapohapo, ile chafu wakaimwaga kwenye nyasi.

Haikuchukua muda. Maji yakawa na utando unaong'aa rangi rangi. Watoto wakaanza kujikuna. Maurine alileta ndoo nyumbani, ukachovya kidole, ukakinusa. Chai haikupikwa asubuhi hiyo.

Ungeweza kuita baraza. Ungeweza kumpigia chifu simu. Ulichofanya ni kumchukua kuku, ukavaa leso, ukaenda kwa Eriaku kwa miguu kama mke wa kaka yake, na mimi nyuma yako.

"Eriaku," ulisema, "sikuja kama mheshimiwa. Hayo maji hata watoto wako wanakunywa."

"Mama Vivianne, hao vijana ndio walibeba mabango yako," alijibu. "Leo unataka niwaambie waende wapi?"

"Wasiende popote. Wapande juu tu, pale uwanja wa malori."

"Huko juu hakuna maji."

"Nitaleta maji."

Baba Mdogo alimtazama kuku, akakutazama wewe. "Sawa. Ukileta maji, tutapanda."

Ilikuchukua miezi kumi na minne. Tulikuona ukitoka alfajiri kwenda bunge la kaunti Busia na ukirudi umechoka mpaka unasinzia na kijiko mkononi. Siku moja ulisahau kubadilisha, ukaingia bungeni na gambuti za shambani zenye matope, na picha yako ikazunguka kwenye simu za watu wiki nzima. Sisi wanao tuliona aibu. Wewe uliuliza tu kama matope yalionekana vizuri, maana ndiyo matope uliyokuwa ukiyazungumzia.

Huku kijiji kikisubiri, wewe na wanawake wa kanisa mlianza kupanda mianzi na mikuyu kwenye kingo za kijito. Mama Alaso, mke wa Baba Mdogo, alikuja pia, ingawa alijua atakaporudi kwake chakula kitaliwa kimyakimya. Miche ya kwanza ililiwa na mbuzi. Ya pili tuliikuta imeng'olewa na kulazwa mstari mmoja, kwa mikono ya mtu. Willis alitaka kumtafuta aliyefanya hivyo. Ulimwambia, "Nikimjua nitamchukia, na kazi hii haitaki mtu mwenye chuki. Leta mingine." Tukapanda mara ya tatu.

Kisima cha mashine kikachimbwa hatimaye, na sakafu ya saruji ikajengwa, na shimo la kunasa oili, na vyoo vinne vya madereva. Ulienda lori kwa lori kwenye foleni, unagonga mlango, unawaeleza. Dereva mmoja wa Mombasa alikuambia, "Mama, mimi nataka gari lioshwe. Ukisema lioshewe mwezini, nitapanda." Ulilicheka neno hilo mwezi mzima.

Lakini Baba Mdogo hakupanda. Alisema kule juu ni mbali, kwamba shimo la oili lina masharti mengi, kwamba wateja wamezoea chini. Ulimngoja miezi miwili. Halafu mkutano wa kijiji ukaamua njia ya malori ya kwenda kijitoni ifungwe kwa kuchimbwa mfereji, na wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kuinua jembe. Baba Mdogo alisimama ng'ambo akitazama.

"Umenifungia mlango wangu mbele za watu," alisema.

"Nimefunga barabara, Eriaku. Mlango wako uko wazi kule juu."

Tangu siku hiyo hakukanyaga kwetu kwa karibu miaka miwili. Vijana saba walipanda juu na wanaosha malori huko mpaka leo. Wanne hawakutaka. Waliondoka na hawakurudi, na mmoja wao bado hatusalimii sokoni. Hilo pia ni kweli, na hukulikana hata siku moja. Ulikuwa ukiwataja kwa majina katika sala ya jioni.

Baba, ambaye kazi yake yote ya uwakala wa forodha ni kuwapatanisha watu na karatasi, hapa alishindwa. Alikuwa akisema, "Huyu ni ndugu yangu, huyu ni mke wangu. Nikimtetea mmoja, nitalala njaa. Nikinyamaza, nitalala njaa mara mbili." Tulicheka, naye akacheka, lakini tulimwona akienda kwa mzee wa ukoo kuomba ushauri, akirudi mikono mitupu.

Uchaguzi wa 2022 Baba Mdogo alimpigia kampeni mpinzani wako. Alitembea boma kwa boma tena, safari hii kukupinga. Ulishindwa kwa kura mia mbili na kumi na mbili.

Kesho yake nyumba ilikuwa kama ya msiba. Majirani walikuja wakakaa. Ulitoka chumbani umevaa gambuti.

"Willis, jembe liko wapi?"

"Mama, leo?"

"Mvua ilinyesha juzi. Kuna mapengo ya kuziba pale kijitoni. Au miti nayo ilipiga kura?"

Ukaenda. Majirani walitazamana, kisha mmoja mmoja wakakufuata. Tunadhani hiyo ndiyo siku ambayo watu wengi walikuelewa. Sisi wenyewe tulikuwa tumedhani ulifanya yale yote kwa sababu ya cheo.

Kisha likaja jua lile refu. Mito midogo ya upande wa Amagoro ikabaki mawe. Kijito cha Kwa Imoni kilipungua lakini hakikukauka, na maji yake yalikuwa yameanza kuwa meupe tena. Ulikuwa pale mchana mmoja ukipalilia, mimi na wewe tu, tulipoona ng'ombe wanateremka, na nyuma yao Baba Mdogo na fimbo yake. Alipotuona alisimama. Hakuwa na mahali pengine penye maji pa kuwapeleka.

"Yoga, Eriaku," ulimsalimu kwa Kiteso, kama mtu uliyemwona jana.

Aliteremsha fimbo. "Yoga, Mama Vivianne."

Ng'ombe wakanywa. Yeye alitembea kando ya mianzi akiishikashika, akavunja tawi kavu, akalitupa.

"Hawa ng'ombe watamaliza mianzi yako," alisema.

"Basi niambie tufanye nini."

"Hapa panataka waya. Na njia moja tu ya mifugo, pale kwenye mawe."

Kesho yake alikuja na nguzo kumi na mbili na waya, akachimba mwenyewe. Hakuomba msamaha na wewe hukuudai. Ulimpelekea ugali wa wimbi na kuku wa kienyeji, mkala mmekaa kwenye nyasi, mkizungumza habari za bei ya mahindi. Baba alipotoka kazini akawaona kwa mbali, aligeuka nyuma ya ghala akajifanya anatafuta kitu. Alikuwa analia, Mama. Hukujua. Leo tunakuambia.

Moyo wako ulianza kukusumbua mwaka uliofuata. Daktari alisema upumzike. Ulipumzika siku tatu. Ulizoea kusema kwamba ukikaa chini unasikia mwili wote unaulizana kuna nini. Mpaka wiki ya mwisho ulikuwa ukiwapigia simu wanawake wa kikundi kuuliza miche imefika wapi, na ukimkaripia Bwire, kijana anayesimamia kitalu, kwa sababu anamwagilia saa sita mchana.

Tulikuzika Jumamosi. Jeneza lilipaswa kuvuka barabara kuu kutoka kanisani, na foleni ya malori ilikuwa imefika pale. Hakuna aliyewaambia madereva kitu. Wa kwanza alizima injini, wa nyuma yake akazima, na kimya kikaenda kikirudi nyuma mpaka tusikoona mwisho. Hatujawahi kuisikia barabara ile ikiwa kimya namna hiyo.

Aliyesema kwa niaba ya ukoo alikuwa Baba Mdogo. Alikuwa ameandika karatasi, akaikunja bila kuisoma. "Mimi nilimleta huyu mama kwa siasa, na mimi nilimtoa," alisema. "Nilikosea ile mara ya pili. Chai mliyokunywa leo imepikwa na maji ya Kwa Imoni. Sina lingine." Akaketi, na Nyanya Jerusha akanyoosha mkono akamshika bega.

Mwaka huu, Mama, umepita hivi. Baba amejifunza kupika, na hatutasema zaidi. Maurine amemaliza chuo. Willis ameoa, na mkewe hakukuona hata mara moja lakini anakukasirikia kwa kupanda mikuyu karibu sana na njia. Baba Mdogo ni mwenyekiti wa kamati ya chemchemi na ni mkali kuliko ulivyokuwa wewe. Mwakilishi wa sasa wa wadi alikuja mwezi uliopita kuuliza ulifanyaje, na Mama Alaso akampa jembe.

Tuna neno moja la kukiri. Tulipokuwa wadogo, na hata tulipokuwa wakubwa, tulinung'unika kwamba wewe ni wa kila mtu. Mahafali ya Willis ulifika yamekwisha. Mimi nilipougua, nilipata ujumbe wako kupitia kwa mama muuza mboga. Tuliona wadi imetunyang'anya mama.

Juzi nilikuwa barabarani nikingoja kuvuka. Dereva mmoja wa Eldoret, mzee mwenye mvi, alinitazama sana kutoka dirishani.

"Wewe ni wa Mama Eucabeth?"

"Ndiyo, mzee. Mimi ni Vivianne."

"Aah! Vivianne anayeogopa kuku?" Akacheka. "Na Willis, ile hesabu alipita? Na yule mdogo, anayeimba akifua?"

Niliiacha nafasi ya kuvuka ikapita. Nimeuliza wengine tangu siku hiyo, Mama: madereva, wenye vibanda, karani mmoja wa kule bungeni. Wote wanatujua. Wanajua nani alichelewa kutembea na nani alikojoa kitandani mpaka darasa la tatu. Kumbe kila ulikokwenda bila sisi, ulikwenda na sisi.

Sala ya kukukumbuka itafanyika nyumbani Jumamosi saa nne asubuhi. Wote mnaosoma mnakaribishwa.

Tunaokukumbuka ni mume wako Nicholas Okedi. Sisi wanao Vivianne, Willis na Maurine. Mama yako Jerusha wa Nambale. Shemeji yako Eriaku na mkewe Alaso. Pamoja na ukoo wote na wanawake wa Kwa Imoni.

Pumzika, Mama. Siku zetu zote utakuwa kinywani mwetu na moyoni mwetu.