Nusu ya Chini ya Radio ya Fiston

Bunia, Shari, le 12 mai

Kwa yaya, dada yangu mukubwa mupendwa Anastasie, ku Kilo,

Nakusalimia weye, shemeji Alexis na watoto wote. Afya iko namna gani? Muhogo mulishavuna, ao mungali munaogopa kuenda shambani sababu ya wenye silaha? Miye niko, Mungu ananilinda. Simu yako haipatikane tangu antena ya kule ilianguka, ndiyo maana naandika na mukono. Mama Gracieuse, mwenye anauzisha samaki, amekubali kuibeba barua siku barabara itafunguka.

Unajua kama natumika ku kituo cha afya. Siye hatuna munganga wa kusoma radio, zile foto za ndani ya mwili. Miye nilitunga programu ya kupokea foto kutoka ku mashine na kuituma kwa munganga mumoja wa Kisangani. Mwezi uliopita, mudogo yetu Fiston alipigishwa radio ya kifua sababu ya kile kikohozi. Munganga akajibu kama mapafu iko muzuri, naye akarudia kule kwenu, mu mashimo ya zahabu.

Sasa, siku ya ine ya juma, radio ya mutoto wa miaka mitano ilitokea na mbavu za mutu muzima kwa chini. Nikarudilia programu yangu kutafuta kosa. Yaya, ndani ya ordinatere, ile kompyuta, kila foto inapashwa kufunguliwa fasi yake mupya, tupu. Ordinatere yetu ni ya zamani, fasi ni kidogo, basi nilifungua moja tu, na foto zote zikapita mule mule bila kupangusa. Umeme ikikatika na foto ikiingia nusu, kwa chini kunabaki ya mutu aliyetangulia.

Nilizifungua foto zote za zamani. Ya Fiston, kwa chini, ni kifua ya Blanchard, mwalimu mwenye alipita mbele yake. Nusu ya chini ya mapafu ya mudogo yetu hakuna mutu aliyeiona, na haikubakia popote, hata ku mashine. Sijui kama iko muzima, sijui kama iko mugonjwa. Programu nimeitengeneza. Lakini yeye Fiston haimusaidie kitu.

Yaya, kuna lingine. Siku nilituma foto ya Fiston, munganga aliniuliza: «Huu mustari katikati ya foto ni nini?» Nikajibu: «Ni rezo tu, Dokta, mutandao uko muzaifu.» Fiston naye aliomba abakie juma moja, tupige radio ya pili. Nilikataa. Haikuwa sababu ya foto. Nilikuwa nimechoka na kikohozi yake mu chumba yangu.

Nimeenda ku parking ya pikipiki mara tatu, nije miye mwenyewe kumufuata. Wenye pikipiki wanasema hawapite. Kama barua inafika, umutoe mu shimo, umulete huku tupige radio ingine. Mukinikasirikia, ni haki yenu, umulete tu.

Nisalimie shemeji, nisalimie watoto, kila mumoja na jina yake. Fiston naye umusalimie. Sijui nikuambie umuambie nini.

Miye mudogo yako,
Michée