Kompyuta Inamwitikia Fundi, Mimi Inanipigia Kelele

Mshauri wangu mpendwa,

Hujambo? Na wa nyumbani kwako, hawajambo? Namwomba Mungu barua hii ikukute u mzima wa afya, maana mizigo ya watu unayoibeba humu gazetini ingempinda mgongo hata punda. Mimi mwili haujambo ila roho haijatulia, na sababu yenyewe naona haya kuitaja, bibi mzima nalia kwa ajili ya kompyuta, lakini naomba msaada, cheka kwanza kisha unisaidie.

Mimi ni mshonaji, elimu yangu ni ya kusoma, kuandika na kupima kiuno cha mtu bila kukosea, na mashine niliyoizoea ni cherehani. Mwanangu na mkewe walihamia mbali kikazi, na huko Mungu akawajalia mtoto wa kike, mjukuu wangu wa kwanza. Simu yangu ni ya tochi, haina picha, kwa hiyo kabla hawajaondoka mkwe wangu aliniachia kompyuta yao ya mezani ili mtoto akizaliwa niwe namwona. Alinikalisha akanielekeza kwa upole: "Mama, nimekuondolea neno la siri la kufungulia, usije ukasumbuka. Bonyeza kitufe hiki tu, subiri, ukiona picha ya kamera iguse kwa kipanya, tutaonana. Ila mama, tafadhali, vingine usiviguseguse." Hilo neno la mwisho lilinichoma kidogo, mimi niliyemlea mumewe bila kuambiwa usiguseguse.

Sasa sikiliza vituko vyangu. Mimi sianzi kazi bila sala, hata uzi siutii sindanoni kabla sijamtaja Mungu, sembuse mashine inayoleta sura ya mtu kutoka mbali. Basi saa ya kuonana nao ikifika najitanda mtandio safi, nakaa kitini, nachukua kitabu changu cha sala, kile kikubwa chenye jalada gumu alichoniachia mama yangu, nakiweka mbele yangu juu ya kibodi, ule ubao wa herufi, maana meza yenyewe ni ndogo kama sinia, naweka mikono yote miwili juu yake na kuegemea kama mtu anayetaka kusikiwa, na kwa kuwa kasha lenye kitufe cha kuwashia liko chini sakafuni na mgongo wangu hautaki tena kuinama, nakibonyeza kwa kidole gumba cha mguu. Nimeshakuambia ucheke, kwa hiyo cheka. Naisikia inavuma vizuri, bado nimefumba macho, mara inaanza: pii, pii, pii, pii! Nikifumbua, kioo kimekuwa cha bluu tupu na maandishi ya Kiingereza, kamera haipo. Naondoa kitabu, nangoja, bluu ile ile. Nachomoa waya ukutani, nachomeka, narudia kwa sala ndefu zaidi, na sala inavyorefuka ndivyo nayo inavyozidi kulia, mpaka siku moja niliikemea kama anayefukuza pepo, jirani akagonga ukuta kuuliza kama nimeingiliwa na mwizi.

Nikamwita fundi wa kompyuta, mtu mzima mwenye kipara na mkoba wake. Kwa kuona haya, asije akanidhania mganga, kitabu nikakipandisha juu ya kabati. Fundi akabonyeza, na ile kompyuta, mshauri, ikawaka kimya na adabu zote kama bibi harusi mbele ya wakwe.

"Mama, hii inaumwa nini?" akaniuliza.

"Inapiga kelele, baba. Kelele za kufukuza watu."

"Mbona nzima? Au mama ulikuwa mpweke, ukatamani mgeni?"

Akaizima, akafunga mkoba, akaenda zake anacheka, na wakati huo wanangu walikuwa kazini hata nisiweze kuwaonyesha ushindi wangu. Jioni ilipofika nikakishusha kitabu kwa furaha nitoe shukrani, nikaegemea, nikanyoosha kidole changu cha mguu. Pii, pii, pii!

Hapo wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu ninayeishi naye, akaweka kikombe cha chai chini.

"Wifi, mashine haimkatai mtu bila kuagizwa," akasema. "Fundi inamkubali, wewe inakukataa. Nani aliyeishika mwisho?"

"Mkwe."

"Haya, mimi sijasema kitu. Ila kikulacho ki nguoni mwako."

Huyo ndiye wifi yangu, hajasema kitu lakini ameshakishona na kukipindia. Nilijifanya sikusikia, kumbe neno limeniingia kama sindano kidoleni. Nikalikumbuka lile "usiviguseguse," nikaanza kuamini kwamba mkwe ameifunga kompyuta initambue na kunikataa ili nisimwone mjukuu wangu. Na yeye huku ananitumia ujumbe kwenye simu: "Mama, tulikusubiri tena. Mtoto tulimvalisha lile gauni ulilomshonea." Juzi akaandika: "Mama, kama kuna tulichokukosea, tuambie." Sikumjibu, wifi kasema huo ni ujanja. Lakini mshauri, lile gauni nililishona kwa kukisia, na watoto hukua kama unga uliotiwa hamira, litambana kabla sijaliona mwilini mwake.

Jumapili baada ya ibada mwanangu atanipigia simu, na wifi anataka nimwambie wazi kwamba mkewe ananitenga na damu yangu. Nimwambie? Ninyamaze? Au nina dhambi ambayo hata kompyuta imeiona, ila mimi mwenyewe ndiye siioni? Tafadhali nijibu mapema, kabla ya Jumapili hiyo.

Mimi, Mama Cherehani

MSHAURI ANAJIBU

Mama Cherehani, mimi sijambo na nyumbani hawajambo, ila mbavu zinaniuma, kwa sababu ruhusa ya kucheka uliyonipa nimeitumia yote. Sasa nimemaliza. Kaa tuzungumze.

Neno hilo usimwambie mwanao. Lifungie hapohapo lilipo, maana si la kweli, na ushahidi umeuandika wewe mwenyewe kwa mkono wako. Fundi alipobonyeza na kompyuta ikawaka kwa adabu, kitabu kilikuwa wapi? Juu ya kabati. Jioni ilipopiga kelele, kilikuwa wapi? Juu ya kibodi, na wewe juu ya kitabu, umeegemea kwa uzito wote ambao Mungu amekujalia. Kompyuta ikiamka hukagua kwanza vitufe vya herufi. Ikivikuta vimekandamizwa, hupiga kelele ikidhani vimekwama, au hudhani kuna mtu anataka ifungue chumba chake cha marekebisho, ndicho hicho cha bluu kinachokutisha. Nimemuuliza mtu anayezijua mashine hizi naye amesema hivyohivyo, alipoacha kucheka. Wewe ukiweka tofali juu ya kanyagio la cherehani ya umeme kisha ukaiwasha, sindano ikaanza kukimbia bila kitambaa, utamlaumu mkwe?

Dhambi ya kompyuta huna, mama. Mungu alikusikia tangu sala ya kwanza. Kompyuta nayo ilikuwa inakuomba kitu kimoja tu, uitue mzigo.

Lakini kuna jambo silicheki. Mtu anayetaka kukufungia mlango hakuachii ufunguo, na mkwe wako aliliondoa neno la siri ili upite bila kubisha. Amekusubiri na mtoto aliyevishwa kazi ya mikono yako, amekuuliza amekukosea nini, nawe umemnyamazia kwa ushauri wa mtu ambaye hiyo kompyuta hajaigusa hata kwa kidole cha mguu. Methali ya wifi yako ilikuwa ya kweli, ila kidole alikielekeza kusiko. Kilichokula hakikuwa kwa mkwe, kilikuwa chini ya mikono yako mwenyewe. Na ukimya wako kwake umeuma kuliko zile pii pii kwako.

Sasa fanya hivi. Kitabu kikae mapajani. Sali mpaka utosheke, sema amina, hakikisha juu ya kibodi hamna kitu na hakuna kitufe kilichobaki kimezama, ndipo ubonyeze. Kidole cha mguu sina ugomvi nacho. Na hiyo tabia ya kuchomoa waya ukutani mashine ikiwa inawaka uiache leo, unaiumiza. Ikikwama, shikilia kitufe kilekile cha kuwashia mpaka izime, ipumzishe kidogo, kisha uanze upya. Ikilia hata bila mzigo, mrudie fundi, na safari hii usimfiche kitu, keti kama unavyoketi, mtandio, kitabu, kidole na yote. Mgonjwa akificha kidonda, daktari atatibu nini?

Ila kabla hujagusa kompyuta, chukua hiyo simu yako ya tochi umpigie mkwe wako, leo, usingoje Jumapili wala usipitie kwa mwanao. Mwambie, "Mwanangu, nilikuwa nimeziegemea herufi za kompyuta." Akicheka, mwache acheke, amekaa na huzuni siku nyingi. Wifi naye umwite akae karibu nawe, kikombe chake mkononi. Aliyelisikia shtaka na alisikie jibu.

Kisha omba mtoto avalishwe lile gauni. Kama limeshambana, avalishwe hivyohivyo, vifungo vya nyuma viachwe wazi, nawe utazame vizuri ni wapi pa kuachia, futi yako ikiwa shingoni. Halafu niandikie upesi, uniambie limemkaa vipi.