Ile Soon ya Zamani

Kikula, Likasi
Tarehe 15 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Idriss,

Assalam aleikum. Naomba Mungu karatasi hii ikukute mzima huko Durban, wewe na Stéphanie na watoto. Kile kikohozi chako kimekuacha? Na yule mtoto wa mwisho, meno yameota, ao bado anatuonyesha ufizi kwenye picha? Nijibu hayo kwanza, kabla ya mengine yote.

Sisi hapa tupo. Kiangazi kimeanza, asubuhi ni baridi kali, na vumbi la njia ya Kakontwe linatufuata mpaka kwenye sahani ya bukari. Sikukuu imepita vizuri, jirani walikula wakashiba. Mama anakula, analala, na mdomo wake uko palepale unapoujua. Juzi alimgombeza muuza makala ya kupikia mpaka mtu wa watu akajaza kifuko kingine bila kuombwa.

Habari kubwa ni macho. Kama nilivyokuambia, la kushoto limekwisha. La kulia daktari anasema linafuata, na ugonjwa wenyewe si ule wa kupasua mtu akapona. Kilichokwenda hakirudi. Kwa sasa ukisimama mbele yake, karibu, jua likiwa kali, anaona uso. Ndani ya nyumba anaona umbo tu, na anabahatisha jina. Mama hakuombi kitu kingine, Idriss. Anataka akuone uso wakati bado anaweza kuuona.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia karatasi kama zama za baba, na simu iko mkononi. Ni kwa sababu ya ile sauti uliyotutumia. Imetuletea mambo hapa nyumbani, na safari hii nataka kila neno langu likae chini, ulione, ulirudie. Nitampa Jean-Claude dereva, anashuka huko kwenu na lori lake kesho kutwa.

Unakumbuka ulivyosema? Ulipopata habari ya macho ulisalimia, ukalia, nasi tukalia, kisha ukamaliza na ule mchanganyiko wenu wa huko: "Mama, kurudi ni soon, ah!" Hiyo "ah" umeiokota hukohuko, hapa hatuna. Mimi nikasikia soon, nikafurahi. Mama, ambaye Kiingereza chake chote ni gudi moningi, alisikia neno analolijua tangu chuo cha Kurani, alipokuwa msichana Kasongo. Alisikia: kurudi ni suna.

Suna, Idriss! Mweleze Stéphanie taratibu, maana kanisani kwao hawana neno hilo. Faradhi ni lile lililo lazima, usipolifanya una deni kwa Mungu. Suna ni lile zuri la hiari: ukilifanya una thawabu, ukiliacha huna dhambi. Basi mama yako akaelewa kwamba mwanawe wa pekee wa kiume, akiwa amelia vizuri kwenye simu, amemwambia kwamba kuja kumwona si lazima.

Na hakusema kitu! Mama, ambaye hunyamaza pale tu anapolala! Niliona ameacha kutaja jina lako, nikadhani ni macho yanamsumbua. Kisha siku moja narudi kutoka shuleni nakuta pazia la chumba chako limeshushwa, limefuliwa, linaning'inia kwenye kamba, na Évariste anaingiza godoro lake mlangoni. Évariste ni yule jirani anayevunja mawe kule Kakontwe. Upepo uliondoa bati za nyumba yake, akawa analala kwa watu.

Nikauliza, Mama, kulikoni? Akanijibu bila kugeuka: "Mutoto amesema kurudi ni suna. Minye sitamulazimisha mutu kwa suna. Chumba ikae na ule mwenye iko na lazima."

Nilipoelewa nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia, Mama, si suna, ni soon, ni Kiingereza, maana yake anakuja karibuni. Nikamwekea ile sauti tena, na tena. Nikamtazama, na hapo kicheko kikaniishia, kwa sababu alikuwa analia. Ule mzigo aliubeba peke yake, akipika, akisali, akitujibu salamu. Roho iliniuma sana, ndugu yangu.

Alipokwisha kujifuta akauliza swali moja tu: "Basi hiyo soon ni lini?"

Hapo ndipo Kiingereza kiliponitoroka. Ninafundisha vielezi vya wakati kila mwaka, ninaviandika ubaoni kwa mkono mzuri, na nikashindwa. Nikasema ni karibuni. Akasema, "Karibuni gani? Ya kesho, ao ya mwaka mwingine? Weye mwalimu, na haujue?" Nikamwambia nitaangalia. Unamjua Mama, ukimwambia utaangalia, ujue atakuuliza kila ukiingia mlangoni.

Basi nikaangalia, kwenye kamusi kubwa ya shule, ile inayosema kila neno lilizaliwa wapi na lilipita wapi. Idriss, sikiliza vizuri. Waingereza wa zamani sana, zaidi ya miaka elfu nyuma, hawakusema soon. Walisema sona, na "a" mwishoni. Na maana yake haikuwa karibuni. Ilikuwa hapohapo, papo kwa papo, mtu ameitwa na amesimama. Baadaye ile "a" ikadondoka. Na maana nayo ikaanza kulegea, kutoka hapohapo mpaka baada ya kitambo, na kutoka kitambo mpaka hii ya leo ambayo hakuna anayeijua mwisho wake.

Na si hilo peke yake. Wana lingine, presently, ambalo nalo lilikuwa hapohapo, likawa baada ya muda. Wana anon, nalo lilipita njia ileile mpaka watu wakaliacha. Nilikaa na kamusi hiyo mapajani nikiwaza. Hakuna mkubwa aliyeamuru maneno hayo yabadilike. Ni watu wa kila siku tu. Unaitwa, unajibu "hapohapo", na bado umekaa. Kesho vilevile, na mtoto wako anakusikia, naye anajifunza kwamba hapohapo ni kukaa kwanza. Mwisho neno linachoka kama mpira wa suruali, linashikilia lakini halikazi.

Usiwacheke Waingereza. Sisi hapa tunafanya nini? Mama mwenyewe akikuambia chakula ni "sasa hii", ujue mboga bado iko sokoni. Na wale waliotufundisha Kifaransa, bientôt yao ukiikata katikati unapata "mapema sana", lakini mtu akikuambia bientôt hapa Likasi, nenda ukafue nguo, zikauke, uzipige pasi. Nilimwambia mwanafunzi wangu mmoja, Providence, atafsiri soon. Akaniuliza, "Madame, soon ya nani? Juu ile ya baba yangu ni ndefu." Darasa zima likacheka. Baba yake yuko migodini Kolwezi. Nami sikumsahihisha.

Nikarudi nyumbani nikamweleza Mama yote. Alisikiliza akichambua sombe kwa vidole, maana sasa anachambua kwa kugusa. Nilipofika kwenye sona akanyanyua kichwa.

"Na A nyuma?"

Nikasema ndiyo, na A nyuma.

"Si ndiyo ile minye nilisikia? Masikio yangu iko muzuri. Ni macho ndiyo inaharibika."

Tukacheka wote wawili, kile kicheko cha zamani cha jikoni. Kisha akaendelea na majani yake, na mimi nikadhani yameisha. Akasema taratibu, kwa ile sauti yake ya kufunga mazungumzo:

"Basi lile neno lilikuwa faradhi. Ni watu ndiyo waliligeuza suna."

Nimefundisha miaka mingi, Idriss, sijapata kusikia historia ya neno imesemwa kwa ufupi hivyo. Lakini si kwa sababu hiyo usiku ule sikupata usingizi. Nilikuwa nakuwaza wewe. Mimi najua hukudanganya. Najua karatasi za huko, kazi, watoto, mpaka, na uchovu. Ulisema soon kwa moyo wako wote, lakini umepewa neno ambalo limekwisha kulegea, umelitumia kama wanavyolitumia wote. Sikulaumu kabisa. Ila jicho la Mama halijui soon ya leo. Kila nikimweka juani asubuhi, sasa inabidi nisogee karibu zaidi kuliko wiki iliyopita.

Kuhusu chumba, usiwe na wasiwasi. Tulimwambia Évariste kwamba palikuwa na makosa, kwamba mwenyewe anarudi soon, na siku hiyo atahamia barazani. Na kwa kuwa Mama hawezi kukaa na jambo, akamsimulia yote, ya sona na ya leo. Évariste akakuna kichwa. "Mama, ile ya zamani ao ile ya leo? Juu kama ni ya zamani, minye matela yangu sitaitandika sawasawa." Na kweli, kila asubuhi kabla ya kwenda kwenye mawe anakunja godoro lake, analifunga kamba, analisimamisha mlangoni. Mama anapita, analigusa kwa mkono, anaridhika. Pazia lako amelirudisha mwenyewe.

Msalimu sana Stéphanie, mwambie kile kitambaa alichonitumia nimekishona na kimenikaa. Wabusu watoto mmoja mmoja, wa mwisho mara mbili. Mama Noëlla wa ng'ambo ya njia anakusalimu, anasema kwao wanakuombea kila Jumatano. Évariste anakusalimu, anasema hamjuani lakini analala kwako.

Mungu akufungulie njia, akulainishie wenye mihuri mpakani, na akufikishe kwenye mlango huu mchana, jua likiwa juu.

Nilipomsomea Mama mpaka hapa, akasema nimeacha jambo. Anataka niongeze kwa maneno yake mwenyewe, na mimi naandika kama anavyosema: "Umwambie, asinitumie tena sauti. Sauti yake naijua, nitabaki nayo hata macho ikifa. Alete uso."

Ni mimi dada yako, nikupendaye kwa faradhi,

Husna