Hadithi Kutoka Kitabu ya Choo

Jumatatu, 10 Juni 1957

Makongeni nzima, hapa Thika, wanasema vibaya hii maneno ya kuchukua vitabu. Leo kwa bomba ya maji nimeisikia mara tatu, na mara tatu imeharibika. Mama Nakhumicha wa kiwanda ya mananasi anasema ni yeye alianza. Tobias, fundi wa baisikeli, anasema ilitoka kichwa yake. Kwa hoteli wanasema Idah alitudanganya sisi wajinga. Uwongo yote. Ni mimi, Muthoka, mfagiaji wa ukumbi. Mimi nimebeba mizigo ya Mfalme kutoka Voi mpaka Rufiji. Nimekutana na simba njiani, akaniamkia yeye kwanza. Kitu kama hii ingetoka kichwa gani ingine?

Basi naandika vile ilikuwa. Pole pole. Kuandika nilifundishwa na huyo Idah mwaka jana.

Idah ndiye anachunga chumba ya vitabu hapa kwa ukumbi. Kila Jumamosi mchana anatusomea. Mmoja anasoma, sisi kama themanini tunasikia — wengine wamekaa juu ya dirisha. Na tunabishana na kitabu. Siku moja Tobias alimwambia Idah arudi nyuma asome tena, pengine safari hii yule binti atakubali kuolewa. Idah akarudi. Binti akakataa tena. Tobias hakula jioni.

Sasa kamati ya ukumbi inataka hiyo chumba iwe ya dats, ile michezo ya kurusha vishale ukutani, na gramafoni, kama Ruiru. Ruiru pia walikuwa na vitabu. Sasa ziko ndani ya gunia. Karani wa kamati, Zacharia, mtu wa huko huko Ruiru, alihesabu rejista: mwezi mzima ni watu tisa wamechukua vitabu. Kusikia haiandikwi mahali.

Nikasema, basi kila mtu achukue moja aende nayo nyumbani. Kusoma si lazima.

Siku moja tu, vitabu thelathini na moja zikatoka. Idah, ambaye huniita babu kwa Kikuyu, akaniuliza, "Guka, hawa wanajua kusoma?" Nikamwambia wako na jamaa wanaojua.

Jumanne, 11 Juni

Nimezunguka nyumba kwa nyumba kukagua vitabu. Zinakaa vizuri kuliko watu. Nakhumicha ameweka yake kwa sanduku pamoja na cheti ya harusi, na bwana yake haruhusiwi kuikaribia kabla ya kuoga. Ni kitabu ya kufuga kuku. Yeye hajui. Idah hufunika zote na karatasi ya kaki, huwezi kujua ndani ni nini. Ile ya Tobias ni ya kuchimba choo. Nilimuuliza Idah.

Lakini karani akiuliza ndani inasema nini? Hiyo nimetengeneza. Kila mtu nimempa hadithi yake ya kusema. Thelathini na moja, na sikurudia hata moja. Pengine mbili. Nakhumicha nimempa ya fisi aliyeoa. Tobias kichwa yake ni ngumu, nikampa ile fupi, ya ndugu wawili.

"Na mwisho yake, mzee?"

Nikamwambia aseme hajafika mwisho. Watu wa vitabu husema hivyo.

Jumatano, 12 Juni

Zacharia amekuja. Gurudumu yake imetobolewa na msumari kwa barabara ya kutoka Ruiru, kwa hivyo wa kwanza kumwona ni nani? Tobias. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta hapo nje, nalala na jicho moja.

Karani akamwambia, wewe uko kwa rejista, umechukua kitabu, haya, inasema nini? Tobias akasema mikono iko na grisi, bwana karani, siwezi kuishika, lakini yote iko hapa kwa kichwa.

Akaanza. Ndugu wawili wanachukuliwa kwenda kubeba mizigo ya vita, kariakoo, ile vita ya Mjerumani. Mdogo anashikwa na homa. Mkubwa anabeba mizigo mbili, yake na ya mdogo. Wanafika kwa mto mkubwa, askari anawagawa: wewe huku, wewe kule. Hawakuagana. Kila mmoja alidhani ni mpaka jioni. Vita inaisha, mkubwa anarudi Thika. Kila treni ikiingia, yeye yuko steshoni amesimama. Mwezi inapita, mwaka inapita. Halafu siku moja mtu anashuka amejifunika blanketi ya ndugu yake. Anaijua hiyo blanketi. Ni yeye mwenyewe aliishona pale ilichomwa na moto.

Tobias akaishia hapo, akaanza kupiga pampu. Gurudumu ilikuwa imejaa zamani. Zacharia amekaa juu ya debe, kofia mkononi.

"Sasa huyo aliyeshuka ni ndugu yake, ama ni mtu ameleta habari?"

"Sijafika, bwana karani."

"Fika."

Tobias akaniangalia. Mimi nilikuwa nimelala kabisa.

Alhamisi, 13 Juni

Manyunyu. Idah ameniambia Zacharia ana ndugu, Muigai. Alichukuliwa na serikali mwaka wa hamsini na nne, akapelekwa kambi ya kizuizini. Barua ilikuwa inakuja. Halafu ikaacha.

Hii sikujua. Ningejua, ningempa Tobias ile ya fisi.

Ijumaa, 14 Juni

Leo ni mbaya.

Nilikuwa nafagia ukumbi. Zacharia akaingia kwa chumba ya vitabu, akauliza ile ya Tobias. Anataka kusoma mwisho yeye mwenyewe. Na Tobias, mwoga huyo, alikuwa ameirudisha asubuhi. Iko hapo kwa meza. Idah akaifungua: picha ya choo, na vipimo. Angeweza kusema chochote. Lakini baba yake ni katekista, uwongo hajafundishwa. Akasema yote. Kwamba hao thelathini na moja hakuna anayejua kusoma. Kwamba hadithi wamepewa. "Lakini njoo Jumamosi uone chumba vile inajaa," akasema. Halafu akanigeukia: "Guka, umenizika."

Nikafagia tena pale nilikuwa nimeshafagia. Andika hiyo, Muthoka, haijawahi kutokea.

Nilingoja Zacharia apige kelele. Hakupiga. Akasema kamati inakaa Jumanne na ripoti anaandika Jumatatu. Akasema hata tukidanganya ama tusidanganye, redio inakuja. Miaka kumi kila nyumba itakuwa na redio. Nani atakaa kusikiliza msichana anasoma?

Idah akasema, "Redio haiwezi kurudi nyuma Tobias akiomba."

Zacharia akashika ile kitabu ya choo, akaiweka tena. Akaniuliza mimi:

"Hiyo hadithi ni ya nani?"

"Yangu."

"Na mwisho unaijua?"

Nikafungua mdomo. Akainua mkono.

"Hapana. Niandikie. Kwa mdomo utaangalia uso yangu, halafu utaniambia kile nataka kusikia. Nawajua nyinyi wazee. Karatasi haina macho."

Miaka arobaini nasimulia watu. Hakuna mtu amewahi kunitukana vizuri hivyo.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika. Kidole imevimba.

Watu walikuja mchana kama kawaida. Idah hakuwasomea. Akanionyesha na kidole, akawaambia mzee ana kazi, tungojee. Wakakaa. Watu themanini wanaangalia mzee mmoja anatafuta herufi. Nakhumicha akasema, "Baba, weka na kuku kidogo." Nikamwambia kuku iko kwa sanduku yako.

Hii kazi ni ngumu kuliko mzigo. Kwa mdomo mtu akikohoa unajua saa imefika ya kuleta simba. Hapa hakuna anayekohoa. Nilimleta simba hata hivyo, ukurasa wa tatu. Nikasoma tena. Nikamfuta. Simba wangu wa kwanza kufuta.

Mdogo nimempa jina. Kaleli.

Tobias ameuliza kama nimefika kwa treni. Nikamwambia treni imechelewa. Idah alikuwa amesimama nyuma yangu, hakusoma juu ya bega yangu, alingoja tu. Asipokuwa na hii chumba atarudi kuchuma kahawa. Alisema hivyo kama mtu anasema mvua itanyesha.

Nimemaliza saa kumi na moja. Kurasa sita. Idah akauliza kama anaweza kusoma kwanza. Nikakataa. Si yake.

Jumapili, 16 Juni

Ruiru, Gitothua. Lori ya kahawa ilinibeba nusu ya njia, ingine nimetembea.

Niko nje ya nyumba ya Zacharia, nimekaa kwa stuli, naandika juu ya goti. Mama yake, Mumbi, amenipa uji. Aliuliza kwa Kikuyu mimi ni nani. Zacharia akamwambia ni mtu wa vitabu. Hakuna mtu alikuwa ameniita hivyo. Nikamwambia mama uji ni tamu, nisiseme ingine.

Zile kurasa sita nimezichana kwa hii daftari, nikampa mkononi. Yuko ndani anasoma. Nasikia karatasi ikigeuka. Ya nne. Ya tano. Ya sita ilikaa sana.

Sasa ameanza tena kutoka mwanzo, kwa sauti, anamgeuzia mama yake kwa Kikuyu. Najua Kikuyu ya kutosha. Wako kwa homa. Wako kwa mizigo mbili. Mama anamkatiza, anabishana na askari wa mto, kama sisi Jumamosi.

Ya ripoti hajasema. Sijauliza.

Wamefika kwa treni. Nasikia kiti ya mama ikivutwa karibu.

Zacharia ametoka mpaka mlangoni, karatasi mkononi. Nimefunika daftari na kofia. Akasema, "Mzee, hii ni kweli?"

Nikamwambia, kila neno.

Akarudi ndani. Mama anamwambia asome tena ile ya mwisho, pale wanashikana mikono. Anasoma tena.

Na ni kweli. Mto ni kweli. Mizigo mbili nilibeba, bega hii ya kushoto mpaka leo haipandi. Steshoni nilisimama mwaka moja na miezi mbili, waulize wazee wa Thika, walikuwa wananicheka. Blanketi ni kweli. Nilishona mimi, na iko nyumbani kwa kitanda yangu.

Lakini aliyeshuka nayo alikuwa mtu wa Kitui. Simjui. Alinipa, akasema maneno mawili, akarudi kwa treni. Kaleli kushuka, hiyo niliongeza mimi.