Kata Moja, Watu Wangu Wawili

Ijumaa, 27 Julai 2018

Tumeshinda! Siamini. Serikali ya jimbo la Ontario imetangaza leo: madiwani wa Toronto watapunguzwa, kutoka arobaini na saba waliopangwa hadi ishirini na tano. Kata zinachorwa upya, na uchaguzi ni Oktoba hii hii. Miaka yote nimesema — wanasiasa wengi, maneno mengi, kodi inapanda, na mashimo ya barabara yetu yako palepale. Watu wa katikati ya jiji walituona wehu. Mimi na Mchungaji Bonaventure tulisimama mlangoni pa maduka Februari nzima tukiomba saini za kupunguza madiwani, pua zimekufa ganzi, watu wanapita wanatutukana. Leo acha walie.

Mchungaji kanipigia, anacheka mpaka anakohoa. "Mungu alitusikia, Mama! Vraiment, kweli kabisa!" Miaka sita alifanya kazi kwenye duka langu la dobi alipofika kutoka Bukavu, na sikuwahi kumsikia akicheka hivyo. Fareen naye kafurahi, kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Nimekaanga bhajia. Nimezila karibu zote peke yangu.

Jumapili, 29 Julai

Nimetazama ramani mpya. Nikavaa miwani, nikaitazama tena.

Fareen anagombea upande wa kaskazini. Mchungaji anagombea kusini. Ni mimi niliyewasukuma wote wawili! Mmoja ni mtoto wa marehemu kaka yangu, nimemlea mwenyewe. Mwingine ni mwenzangu wa mapambano. Nilipanga vizuri, kila mtu na uwanja wake. Sasa kata hizo mbili zimekuwa moja. Agincourt yote, mtaa wetu mzima, diwani mmoja.

Na diwani wa sasa, yule mpenda kodi, naye anagombea hapohapo. Kura zetu zikigawanyika, anapita huku akipiga mluzi.

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Nilikuwa nawaambia wengine hivyo.

Jumanne, 14 Agosti

Sheria imepita. Nimepiga makofi mbele ya televisheni, halafu nikaizima.

Hakuna anayelitaja kwa mwenzake. Fareen anasema Mchungaji atajitoa tu, lazima, ana akili yule. Mchungaji anasema Mungu atafungua njia. Jumamosi nilipanga mabango ya Fareen asubuhi, ya Mchungaji jioni. Jirani yangu Yusufali akaniuliza juu ya ua: Gulzar, wewe uko upande gani? Nikamwambia upande wa kodi ndogo. Akacheka sana. Mimi sikucheka.

Jumatatu, 10 Septemba

Jaji kaitupa sheria! Kasema huwezi kubadilisha kata watu wakiwa katikati ya kampeni. Tumerudi kwenye arobaini na saba.

Wenzangu wa chama chetu cha walipa kodi wamewaka moto. Simu inalia mfululizo: jaji mmoja atawashinda waliopigiwa kura? Nami nikajibu, aibu! Aibu kubwa! — huku natabasamu kama mjinga. Fareen kaskazini, Mchungaji kusini, kila mtu kwake. Nilitaka tushinde, lakini leo nilitaka tushindwe kidogo tu. Mungu anisamehe. Nimelala usingizi wa mchana, wa kwanza tangu Julai.

Lakini serikali inasema haikubali. Itapambana.

Jumatano, 19 Septemba

Mahakama ya rufaa imeamua. Ishirini na tano. Kujiandikisha au kujitoa, mwisho ni Ijumaa mchana.

Fareen ndiye aliyetangulia kupiga. "Fui," kaniita — shangazi, kwa sauti ileile ya alipokuwa mdogo na anataka kitu. Anasema Mchungaji hamsikilizi mtu ila mimi. Niende nimwombe ajitoe. Wakigombea wote wawili tumekwisha. Nikasema sawa, kesho.

Simu haijapoa, Mchungaji huyo. "Mama, ni wewe tu njo unaweza. Ongea na binti, anipishe." Kwenda mwenyewe ni kukosa adabu, anasema, wakati mimi, mama mwenye nyumba, nipo. Nikasema — nilisema nini? Nilisema sawa. Kwa wote wawili, sawa! Mshenga mmoja katumwa na nyumba mbili.

Fareen ana kichwa. Akisimama kuongea watu wanaacha kutafuna. Lakini ofisi yake ndiyo iko Agincourt, yeye analala Markham, mji mwingine, kwenye nyumba yenye gereji mbili. Mchungaji yuko ghorofa ya saba, hapa hapa. Lifti ikifa anawapandisha wazee ngazi kwa mkono, na kesho yake anawapigia wenye jengo mpaka wanamchoka. Nani anayeijua kata hii? Usiniulize. Sitaki kuliandika.

Alhamisi, 20 Septemba

Nimeharibu.

Mama yangu alinifundisha Bukoba, na bakora juu yake: ukitumwa jambo zito, sema kwanza, ndipo unawe mikono. Ukishakula cha mtu, utamwambiaje aondoke? Nimelijua hilo maisha yangu yote. Nimepanda lifti hadi ghorofa ya saba ujumbe wa Fareen ukiwa mdomoni, tayari.

Mlango ukafunguliwa, meza imejaa. Sombe, kisamvu cha kwao, samaki, bugali unafuka moshi. Dative, mke wa Mchungaji, alikuwa ametoka kazini kwenye nyumba ya wazee, hata sare hajavua. Kanishika mkono mpaka kwenye kiti. "Kula kwanza, Mama. Maneno haiozi." Ningesema hapo hapo! Nilikuwa na nafasi. Nikanawa.

Nikala. Nikaongezewa, nikala tena. Sombe ya Dative haina mfano, na kila tonge lilikuwa linausukuma ujumbe chini.

Baadaye Mchungaji akaniuliza kama nimeongea na binti. Bado, nikasema. "Mama, miye sitaki matata na nyumba yako. Ukisema toka, natoka. Sema tu." Dative kasimama na jagi la maji, anasubiri. Neno moja tu lilikuwa limebaki. Fareen angeshinda, mtoto wa kaka yangu, diwani!

Nikasema, "Mchungaji, leo nimekula."

Dative akaninawisha polepole, kidole kimoja kimoja. "Aksanti, Mama," akasema. Hakutabasamu. Alijua yule mwanamke. Alijua tangu anabandika sufuria.

Hasira zangu zote ni juu yangu mwenyewe. Fareen ananiandikia: umemwambia? Umemwambia? Sijajibu.

Ijumaa, 21 Septemba

Naandika ndani ya gari la Fareen, karibu na jumba la jiji, wanapoandikishwa wagombea.

Alinifuata asubuhi. Hatujafika hata barabara kuu akauliza, amekubali? Nikamwambia nilikula. Akasema, ulikula — halafu? Nikamwambia tena, nilikula kwao, Fareen. Akaniona nazeeka. Hakuelewa, na ataelewaje? Sikumfundisha. Kuswali nilimfundisha, kupika, kuogopa deni. Hili niliona ni la kule, halitamfaa huku.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisimama njiani akaninunulia chai ya maziwa na donati ya asali, ile niipendayo, akaniwekea mapajani. Kula, Fui, hujatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Akasema basi, watagombea wote, liwalo na liwe, na nisijisumbue. Kisha akanipapasa shavu. Kwa nini ananifanyia wema leo?

Mchungaji namwona kutoka hapa. Kavaa suti ya Jumapili. Dative yuko pembeni yake. Hawaingii ndani. Kila gari likipunguza mwendo, wanainua shingo.

Nampenda mtoto huyu kuliko macho yangu. Atasema nimemuuza kwa sahani ya sombe. Wa jamatkhana, ninaoswali nao, watasema hivyohivyo, na kwa sauti. Lakini kata ni moja, tuliitaka wenyewe kwa saini na baridi, na sasa inataka mtu mmoja.

Fareen kaenda kulipia maegesho. Chai imepoa, sijaionja. Donati nimeifunga tena kwenye karatasi yake, nimeiweka juu ya dashibodi, nzima. Njaa inaniuma kweli, lakini nina neno zito la kumwambia kwanza.

Anarudi, anakimbia kidogo, saa imekwenda. Kafungua mlango. Ameiona donati.

Anauliza mbona sijala.